Malenge ya Kushika kwa Mkono

Tulipokuwa wadogo kule Kangemi, hakuna aliyemfanyia mtoto sherehe ya kuanza kula. Siku aliyonyakua kipande cha kiazi kwenye sahani ya mama yake, basi, ameanza. Mama alicheka, majirani wakacheka, na kesho yake mtoto akatengewa chake. Wewe mwenzangu uliyelelewa kwenye ploti zile za mabati, milango imetazamana na bomba moja la maji katikati, picha hiyo unaijua. Jioni kila mlango ulikuwa na jiko la makaa nje, na moshi wote ulikutana juu ya kamba za nguo, hata sare zetu za shule zikanuka sukuma wiki mpaka Ijumaa.

Sisi watoto tulikuwa na mapishi yetu. Tulicheza kati ya kukwepa mpira na blada ya kuruka kamba mpaka magoti yakachunika, halafu tukahamia kalongolongo nyuma ya bafu. Tulipika matope kwenye vifuniko vya mikebe ya mafuta, tukapakua kwa vijiti, tukawalisha watoto wetu wa magunzi ya mahindi. Mtoto wangu alikuwa na nywele ndefu za kahawia na hakukataa chakula hata mara moja. Nimekuja kumkumbuka sana gunzi yule.

Chakula cha kweli alikipika mama. Mdogo wangu Isaka alipoanza kuota meno, mama alikuwa akirudi kutoka soko la Kangemi na kipande cha malenge ndani ya kiondo, kimekatwa kutoka kwenye tunda kubwa ambalo hakuna mama mmoja angeweza kulinunua lote. Alikikata vipande virefu kama kidole chake cha shahada, akavipanga juu ya viazi vitamu kwenye sufuria yenye maji kidogo, akafunika kwa jani la mgomba na kifuniko juu yake. Mvuke ulipoanza kutoka na harufu ile tamu, tulijua hatutaambulia kitu. Cha Isaka kilitolewa kwanza, kabla ya chumvi. Mama alichukua kipande, akakibana kati ya kidole gumba na kidole cha pili. Kikipondeka bila kubishana, kimeiva. Kikikataa, kinarudi jikoni.

Ndizi mbivu alimwachia ganda nusu, ili mtoto apate mahali pa kushika. Parachichi lilikuwa linateleza mkononi mwa Isaka kama sabuni, kwa hiyo mama alilipitisha kwenye unga wa wimbi uliokaangwa. Mizizi ya nduma aliipika mpaka sisi wakubwa tukanuna kwa kungoja, maana alisema nduma isiyoiva inawasha koo. Isaka alikaa kwenye mkeka, mgongo umeegemea tumbo la mama, akashika kipande kwa ngumi nzima na kutafuna sehemu iliyojitokeza. Uso ulikuwa wa njano kuanzia nyusi mpaka kidevuni.

Siku hizi, wacha nicheke kidogo, mtoto anaanza kula akiwa na kiti chake, meza yake, bakuli linalong'ang'ania mezani na aproni yenye mfuko wa kudaka makombo. Mama yake ni msichana wa juzi, ana kikundi cha simu chenye akina mama mia mbili ambao hajawahi kuonana nao, na kabla mtoto hajaonja malenge, malenge yamepigwa picha. Mimi nawacheka, lakini kwangu jikoni kiti hicho kipo, na bakuli hilo lipo. Kilichokosekana ni malenge yenyewe. Mwanangu Mideva alifika miezi kumi bila kushika kipande cha chakula kwa mkono wake, na sababu yake ilianzia kwenye ploti ile ya Kangemi.

Ilikuwa alasiri, shule zimefungwa. Mama alikuwa amepika githeri ya mahindi na maharagwe, na sisi watoto tulikuwa tunakula mlangoni tukisukumana kama kawaida. Punje zilimwagika kwenye mkeka. Isaka, ambaye alikuwa ametambaa kuelekea kwetu, aliokota moja kabla mtu hajaona. Nilichoona mimi ni uso wake. Alikuwa amefungua mdomo kama anayetaka kulia, lakini sauti haikutoka. Alinitazama. Macho yalikuwa makubwa, na midomo ilianza kubadilika rangi, ikawa kama ya mtu aliyekula zambarau.

"Mama!" nikapiga kelele. "Isaka!"

Sikujua kusema zaidi ya hapo. Mama alitoka nyumbani akiwa na mwiko mkononi. Mwiko ulianguka. Alimnyakua Isaka, na kwa sekunde chache akamshika tu, akimwangalia, kana kwamba amesahau mikono ni ya nini. Ndipo Mama Sofi, jirani yetu wa mlango wa pili, akafika mbio, kitambaa kikiwa kimemponyoka kichwani.

"Mgeuze! Mgeuze uso uangalie chini!" alimwambia. "Kwa mkono hapa. Piga mgongo!"

Mama akamlaza Isaka kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa kikiwa chini kuliko makalio, akampiga kati ya mabega kwa kiganja. Mara ya kwanza hakuna kitu. Akapiga tena. Watu walikuwa wametoka kwenye kila mlango. Akapiga tena, na punje ya mahindi ikaruka, ikaangukia kwenye saruji karibu na mguu wangu, nyeupe na imevimba. Isaka alivuta pumzi kwa mlio ambao sijausikia tena popote, halafu akalia. Ploti nzima ikashusha pumzi pamoja naye.

Jioni ile wanawake walikunywa chai kwetu, wakaongea kwa sauti za juu, hata wakacheka. Isaka alilala mgongoni kwa mama. Kwenye kumbukumbu yangu mambo yaliishia hapo. Mama aliendelea kumpikia malenge, Isaka akakua, na leo ni mwanaume mzito anayeendesha lori na kula chapati tano kwa kikao kimoja. Nilikua nikiamini kwamba mama zetu waliumbwa bila hofu. Kitu kilitokea, wakakishughulikia, wakarudi kwenye jiko.

Mimi sikuumbwa hivyo. Mideva alikuja nikiwa nimekaribia arobaini, baada ya miaka ambayo sitaki kuisimulia. Tunaishi Mountain View, ghorofa ya pili, mimi na mume wangu Meshaki na mtoto. Mlango una kufuli mbili na majirani tunasalimiana kwenye ngazi. Alipotimiza miezi sita nilinunua mashine ya kusaga, nikasaga kila kitu. Malenge, kuku, mchicha, hata wali, vyote vikawa rojo laini. Nilipitisha rojo hiyo kwenye chujio, halafu nikaikoroga kwa kijiko kutafuta kidonge kilichojificha. Meshaki alijaribu mara moja kumpa mtoto kipande cha ndizi. Nilimnyang'anya kutoka mkononi kabla hakijafika mdomoni.

"Kageha, ni ndizi," alisema.

"Najua ni ndizi."

"Inayeyuka yenyewe."

"Wewe hukuona midomo ya Isaka."

Hakujaribu tena. Likizo yangu ya uzazi iliisha, nikaomba nyingine isiyo na mshahara, kwa sababu kila msichana wa kazi tuliyemjaribu nilimwona kichwani mwangu akimpa Mideva karanga huku anaangalia simu. Kazi yangu, niwaambie, ni kupokea wagonjwa kwenye kliniki ya daktari wa meno katikati ya jiji, mtu wa miwani, Mhindi mpole ambaye amenivumilia kuliko nilivyostahili. Kwa miaka nilikuwa nimepanga miadi ya watu waliomaliza meno yao kwa kuyatumia. Sasa nyumbani nilikuwa na mtoto mwenye meno manne mazuri ambayo hayakujua kazi yake.

Siku ya kliniki ya mtoto, muuguzi alimpima Mideva uzito, akapima tena, akanitazama.

"Mama, hapa amesimama. Tangu mwezi uliopita hajaongeza. Anakula aje?"

"Anakula vizuri. Namsagia kila kitu."

"Kila kitu? Na vya kushika mwenyewe?"

"Bado."

Muuguzi alivunja kipande kidogo cha ndizi yake ya chai ya saa nne, akakiponda kidogo kwa kidole, akamwekea Mideva mdomoni. Mideva akakaza mwili wote, akakisukuma nje kwa ulimi, akatapika juu ya gauni lake. Nilikuwa nimesimama tayari, mkono mmoja hewani.

"Unaona?" muuguzi alisema, na hakuwa mkali. "Hajui kifanywe nini. Kadiri unavyokawia ndivyo atakavyokataa. Na hizo rojo zako zina maji mengi, anashiba maji. Anza wiki hii, mama. Vitu laini, akae wima, na usimwache peke yake."

Nilifika nyumbani nikaenda moja kwa moja jikoni. Nilichemsha malenge kama mama. Nilikata kama mama. Nilibana kwa kidole, yakapondeka. Nikamweka Mideva kwenye kiti chake cha fahari, nikashika kipande, nikakileta karibu na mkono wake, na mkono wangu ukagoma. Nilisimama pale mpaka malenge yakapoa. Halafu nikayatia kwenye mashine na kubonyeza kitufe, nikalia kwa kelele ile ya mashine ili mtoto asinisikie.

Kesho yake nilimbeba nikaenda Mutuini. Mama alihamia huko baba alipofariki, ana nyumba ndogo na shamba la kutosha malenge, sukuma na migomba michache, na amezungukwa na nyumba mpya za kupangisha zinazoota kila mwezi. Alinikuta getini nikishuka kwenye pikipiki na mtoto kifuani na mfuko mkubwa begani.

"Umebeba nini hiyo?"

"Mashine ya kusagia, mama."

"Umeleta mtoto ama umeleta mashine?" Alimchukua Mideva, akamnusa shingoni. "Mbona mwepesi hivi?"

Hapo nikafunguka. Nilimwambia yote, muuguzi, mizani, ndizi iliyotapikwa, kazi ambayo huenda nisiikute. Tulikuwa tumekaa kwenye stuli jikoni kwake, sufuria iko motoni. Mwishoni nikasema kilichokuwa kinaniuma zaidi.

"Wewe uliweza aje? Isaka nusura afe mikononi mwako, na ukaendelea tu. Mimi sijaona lolote kwa huyu na nashindwa."

Mama alisogeza stuli yake karibu.

"Nani alikuambia niliendelea tu?"

"Nilikuwa hapo."

"Ulikuwa mtoto, ulikuwa unacheza." Alichochea moto, ingawa moto haukuhitaji kuchochewa. "Baada ya siku ile Isaka alikunywa uji mtupu. Wiki ngapi, sijui. Nikiona punje ya kitu chochote sakafuni, natetemeka. Nilikuwa nafagia ule mkeka asubuhi, mchana, jioni. Baba yako akadhani nimerogwa. Nilikuwa nachukua ndoo, nasema naenda bombani, halafu naenda nyuma ya bafu nalia. Mkija kucheza huko, nanawa uso natoka."

Nyuma ya bafu ndiko tulikokuwa tunapika matope yetu.

"Isaka akaanza kukonda," aliendelea. "Mama Sofi ndiye aliyeona. Akaniuliza, Mama Kageha, huyu mtoto mbona anapungua? Nikamwambia ukweli, naogopa. Hakunicheka. Alisema, saa ya kula uniite. Akawa anakuja kila siku. Anakaa hapo kando yangu, ananiambia, mpe, mimi niko hapa. Nampa. Anaendelea kukaa mpaka mtoto amalize. Hivyo hivyo, mpaka nikazoea."

Nakumbuka zile safari za Mama Sofi. Alikuja na kikombe chake cha bati. Miaka yote hii nimekuwa nikimsimulia Meshaki habari za jirani yetu aliyependa chai ya bure.

Mama alifunua sufuria. Malenge ya shambani kwake, yamekatwa marefu, na mvuke ukapanda mpaka kwenye mabati. Alitoa kipande, akakipuliza, akakibana, kikapondeka. Akakiweka kwenye kisahani mbele yangu.

"Mpakate. Mgongo kwa tumbo lako. Umpe wewe."

"Wewe mpe, mama."

"Mimi nitampa leo, kesho nani? Mpe. Mimi niko hapa."

Nikamshikisha Mideva kile kipande. Alikitazama. Alikiminya mpaka kikatokea katikati ya vidole, akakipaka kwenye goti langu, akakipeleka mdomoni. Alikaza uso, akakitema. Mama akanipa kingine, nikamshikisha. Akatema hicho nacho. Cha tatu alikinyonya kwa muda mrefu, akauma, na kipande kikabaki mdomoni mwake.

Halafu akakohoa. Uso ukawa mwekundu, machozi yakamtoka, ulimi ukatoka nje. Nikainuka na kidole changu tayari kuingia mdomoni mwake.

"Acha!" Mama alinishika kifundo cha mkono, na kwa nguvu. "Usimtie kidole, utakisukuma ndani. Msikilize. Anakohoa?"

"Mama, anakabwa!"

"Anakohoa. Mwenye kukohoa ana hewa. Isaka alinyamaza, hakutoa hata sauti. Huyu anapigana na chakula chake, mwache apigane. Akinyamaza, tutamgeuza. Mimi niko hapa, sitoki."

Mideva alikohoa tena, akasukuma donge la njano mpaka kwenye kidevu, akavuta pumzi. Alinyamaza. Nikamwinamia. Alikuwa anatazama lile donge kwenye kidevu chake kwa kujaribu kuteremsha macho, halafu akalirudisha mdomoni kwa kiganja, taya ikaanza kwenda juu na chini, juu na chini, kwa shida, kama mtu anayejifunza kufungua mlango mgeni. Akameza.

Nilimgeukia mama ili tufurahi pamoja. Alikuwa amekaa wima kwenye stuli yake, uso mtulivu kabisa, uso ule ule ninaoukumbuka kutoka Kangemi. Lakini mkono aliokuwa amenishika nao hakuuachilia, na ulikuwa wa baridi, na ulikuwa unatetemeka.

Tulikaa Mutuini wiki nzima. Mideva alikula malenge, akala kiazi kitamu, akala parachichi la wimbi, akawapa kuku nusu ya kila kitu. Kliniki iliyofuata mizani ilisogea. Haikusogea sana, lakini muuguzi alisema tunaenda vizuri. Nimerudi kazini nusu siku, na msichana anayenisaidia, Beti, nimemfundisha kubana chakula kwa kidole na kumgeuza mtoto kifudifudi. Tulifanya mazoezi kwa mwanasesere mpaka akaniambia, "Anti, huyu mdoli amechoka sasa."

Hofu haijaniacha. Naisikia kila ninapochukua kisu. Tukikutana wenzangu wa rika langu tunapenda kusema kwamba watoto wa siku hizo walijilea wenyewe, kwamba hakuna aliyehangaika, na mimi nilikuwa nasema hivyo kwa sauti kubwa kuliko wote. Sasa nanyamaza. Namwona mama yangu na ndoo tupu, akinawa uso kabla hajatokeza, na sisi watoto tukimpisha apite tuendelee na kalongolongo.

Ninachokitamani cha siku zile ni ile milango. Hapa Mountain View, saa ya chakula cha jioni, Meshaki bado yuko kwenye foleni ya magari ya Waiyaki Way na nasikia televisheni za majirani kupitia ukutani. Kwa hiyo nampigia mama simu ya picha, namwegemeza kwenye mkebe wa majani ya chai, kipaji cha uso tu ndicho kinachoonekana maana hajui kuishika. "Mpe, nakuona," anasema, wakati anachoona ni dari yangu. Juzi mtandao ulikatika Mideva akiwa na nduma mdomoni. Mama aliganda kwenye kioo, mdomo wazi, jicho moja limefumba. Ingekuwa Kangemi, angalau mtu mmoja angekuwa amekaa kando yangu, kikombe mkononi, akipumua. Nilivuta kiti changu karibu zaidi, nikaweka kiganja mgongoni mwa mwanangu, nikahesabu taya zake zikienda na kurudi mpaka akameza.